Uzi: Bingwa wa upasuaji wa hospitali ya umma akae thieta au akae na pepa zake za utafiti? Njooni tuongee

MshonoWaPili (mleta mada):

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimyakimya, na modi nawaomba msiuunganishe na ule wa mishahara ya madaktari manake huu sio wa mishahara, japo najua kabla ya ukurasa wa pili mtakuwa mmeshaufikisha huko.

Iko hivi. Nipo mwaka wa 4 nasomea upasuaji. Nimepata nafasi ya kutoka kwenye zamu miaka 3 nikafanye utafiti alafu nirudi kumalizia. Juzi kwenye chumba cha chai mzee mmoja, bingwa kweli kweli, mikono yake kila mtu anaiheshimu, akaniambia mbele ya watu: "Foleni imefika nje ya geti, wewe unaenda kuhesabu panya wa maabara. Umesomeshwa kwa hela ya umma ili ukate, kakate." Watu wakaangua kicheko na mimi nikacheka nao kama mjinga. Jibu likanijia nimeshafika nyumbani na nimeshavua viatu. Ndo hili hapa.

Tuanze na goti. Kwa miaka mingi mtu mwenye goti lililosagika alikuwa anapelekwa thieta, anatobolewa matundu madogo, kamera inaingizwa, goti linaoshwa kwa maji na vipande vilivyolegea vinakwanguliwa. Mgonjwa anatoka anashukuru, na kila bingwa alikuwa na wagonjwa wake wa kutolea ushuhuda. Mwaka 2002 yakatoka majibu ya utafiti uliofanyika Houston, kwenye hospitali ya serikali ya Marekani ya wanajeshi wastaafu. Walichukua wagonjwa 180 wakawagawa kwa kura: kundi moja likaoshwa goti, la pili likakwanguliwa, la tatu wakachanjwa ngozi tu, alafu daktari akawa anamwagamwaga maji ili usikike mlio kama wa goti linalooshwa. Maigizo kamili. Wakafuatiliwa miaka 2. Waliofanyiwa maigizo hawakuwa na maumivu kuzidi wale waliofanyiwa kweli.

Mwaka 2013 Wafini nao wakaja na yao, watu 146 wenye gegedu la goti lililochanika kwa uchakavu, nusu likapunguzwa kwa vifaa, nusu maigizo, baada ya miezi 12 hakuna tofauti ya maana.

Sasa mniambie, hospitali inayolipwa kwa kila goti inaloingiza thieta itagharamia utafiti wa kuonyesha kwamba goti halikuhitaji kuingizwa thieta? Itakuwa imejikata mguu yenyewe. Houston daktari anakula mshahara wake akate asikate. Finland hospitali zinaendeshwa kwa kodi. Ndo maana nasema kazi kubwa kuliko zote ya mpasuaji mtafiti kwenye mfumo wa umma ni kutuambia tuache kukata nini, na kazi hiyo hakuna mwingine mwenye sababu ya kuifanya. Kila operesheni isiyo na faida tukiitoa kwenye listi, nafasi yake anaingia mwenye shida ya kweli, kwaiyo anayehesabu panya naye anapunguza foleni, ila haonekani akiipunguza.

Karibuni mnipige mawe.

Bwana Foleni:

Mimi nitakuwa wa kwanza kuokota jiwe. Umeandika vizuri dokta lakini umekwepa swali. Mama yangu ana miezi 14 anasubiri kuwekewa nyonga ya bandia. Profesa anayetakiwa kumfanyia yuko kliniki siku moja kwa wiki, siku zingine ukiuliza unaambiwa yuko chuo, yuko semina, yuko safari. Mama hali pepa. Wewe unaniambia utafiti utapunguza foleni, lini? Akiwa ameshakufa?

MshonoWaPili:

Pole sana kaka, na mpe mama pole. Sitakwepa.

Ni kweli kwamba profesa ni nusu mtu kwa hospitali. Chukulia Uingereza, mkataba wa bingwa unahesabiwa kwa vipande vya saa 4, kwa wiki vipande 10. Profesa wa chuo kikuu mara nyingi vipande 5 ni vya chuo na 5 ni vya hospitali. Kwenye karatasi hesabu imefungwa vizuri. Tatizo mgonjwa uliyempasua Jumatatu hawi mgonjwa nusu. Akivuja usaha Jumatano, siku yako ya chuo, unaenda. Zamu ya usiku nayo haina nusu. Kwaiyo kinacholiwa siku zote ni kile cha chuo, na utafiti unafanywa saa 5 usiku mezani watoto wakiwa wamelala. Hospitali inamhesabu mtu wa chuo, chuo kinamhesabu mtu wa hospitali, ni kama mtoto mwenye nyumba mbili, kila anakokwenda anaulizwa kwani kule hawakukupa chakula.

Alafu hiyo nyonga ya mama. Unajua ilitoka wapi? Aliyeitengeneza hii tunayoiita ya kisasa ni John Charnley, na hakuifanyia hospitali kubwa ya kifahari, aliifanyia Wrightington, kaskazini magharibi ya Uingereza, iliyokuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, ndani ya NHS, mfumo wa matibabu ya umma ulioanza tarehe 5 Julai 1948. Kikombe cha kwanza alichotumia, yani kile kinachopokea kichwa cha mfupa wa paja, kilikuwa cha teflon, plastiki yenye utelezi. Akaweka kwa wagonjwa kama 300, mwanzoni wanatembea vizuri, baada ya miaka michache teflon ikawa inasagika, unga wake unachochea mwili, mfupa unaliwa. Ikabidi awarudie kuwatoa. Mwishoni mwa 1962 akahamia plastiki ngumu ya polietilini, na kabla ya kuiamini alijipandikiza kipande kwenye paja lake mwenyewe aone mwili utafanyaje. Wagonjwa wake akawaomba wakubali kwamba wakifa nyonga irudishwe, aipime imelika kiasi gani.

Angekuwa anakata tu bila kupima, tungekuwa bado tunaweka teflon.

Goti Bovu:

Jina langu linajieleza, kwaiyo nimesoma hiyo ya Houston mara mbili.

Dokta hapo ulipomsifia huyo mzee wa nyonga mimi nimeona kitu kingine. Watu 300 waliwekewa kitu kibovu. Hao 300 walikuwa kina nani? Matajiri? Mimi nilishawahi kuombwa kuingia kwenye utafiti, nimeshavaa lile gauni la kufunga mgongoni, nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, akaja kijana na fomu kurasa 11 anasema "ni hiari yako". Hiari gani mtu nimeshavuliwa suruali? Nilisaini. Mpaka leo sijui matokeo yake, hakuna aliyerudi kuniambia chochote.

Swali langu ni moja tu: sisi tunaotibiwa kwa hela ya umma ndo panya wenyewe?

MshonoWaPili:

Hili swali ni zito na sitalipaka sukari.

Kihistoria ndio. Hospitali za kufundishia zilikuwa za watu maskini, mkataba usioandikwa ulikuwa kwamba unatibiwa bure na wewe unakuwa darasa. Tajiri alipasuliwa nyumbani kwake. Mambo yalianza kubadilika kwa maandishi baada ya vita kuu ya pili, Azimio la Helsinki, lile la maadili ya utafiti kwa binadamu, ni la 1964, yani miaka miwili baada ya Charnley kubadilisha plastiki. Yeye teflon aliiweka kwa uamuzi wake na imani ya wagonjwa wake, hakuna kamati ya maadili iliyokaa kama zinavyokaa sasa.

Kilichokupata wewe na fomu ni makosa, nukta. Idhini inatakiwa iombwe kliniki, siku za kutosha kabla, na mtu asiye mpasuaji wako. Na kutorudishiwa matokeo nako ni dhambi tunayoifanya karibu wote, mimi nikiwemo. Nimekusanya majina ya watu kwenye tafiti mbili na sijampigia hata mmoja.

Ila geuza upande wa pili. Usipowekwa kwenye utafiti haina maana kwamba hujaribiwi. Unajaribiwa tu bila mtu kuandika. Daktari anaponunua kifaa kipya na kukupandikiza, hilo ni jaribio, tofauti hakuna daftari. Zile nyonga za chuma kwa chuma, kichwa chuma na kikombe chuma, mnazikumbuka? Ziliingia sokoni kwa mbwembwe, watu wakawekewa kwa maelfu. Walioziona kwamba zinaharibika mapema ni rejista za kitaifa, ya Australia na ya Uingereza na Wales, kwa sababu kila nyonga inayowekwa na kila inayotolewa inaandikwa. Moja ya aina hizo ikarudishwa kiwandani dunia nzima 2010. Sweden walianza kuandika magoti tangu 1975 na nyonga tangu 1979. Daftari la nchi nzima linawezekana pale ambapo mgonjwa ana namba moja na hospitali zote zinaripoti sehemu moja. Na anayekaa kulisoma daftari hilo ni nani? Ni huyohuyo mnayesema yuko semina.

Sista wa Thieta:

Nimekuwa nasoma tu, sasa ngoja niseme ninachokiona nikiwa nimeshika trei miaka 19.

Wote mnaongelea utafiti mmesahau kofia ya tatu, kufundisha. Listi ya wagonjwa wa siku ikiwa ya bingwa peke yake wagonjwa 5 wanaisha kabla ya saa 10. Listi hiyohiyo akiwepo mwanafunzi anayefundishwa kweli wanaisha 4, na wa 5 anarudishwa wodini amekaa na njaa tangu usiku wa jana, na anayekwenda kumwambia ni mimi. Kwaiyo bingwa akiona saa imefika 8 mchana anamnyang'anya kijana kisu anamaliza mwenyewe. Simlaumu. Ila huyo kijana miaka 6 mbele ndo bingwa wenu, na mikono yake imekaa pembeni kila siku saa 8. Ulaya sheria ya saa za kazi ni wastani wa saa 48 kwa wiki, vijana hawafi kwa usingizi kama zamani, jambo zuri, ila muda wa kushika kisu nao umepungua na hakuna aliyeongeza listi za kufundishia.

La pili. Hii orodha ya ukaguzi tunayoisoma kabla ya kukata, jina la mgonjwa, upande gani, ana mzio gani. Ilijaribiwa na WHO kwenye hospitali 8 za miji 8, Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, Ifakara, London na Seattle. Majibu yalitoka 2009: vifo kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8, madhara kutoka 11 mpaka 7. Dunia nzima ikaimba. Alafu mkoa wa Ontario, Kanada, wakaiamuru kwa hospitali zao zote, na kwa sababu data zote ni za mfumo mmoja wa umma watafiti wakaweza kuangalia hospitali 101 kabla na baada. Majibu ya 2014: vifo asilimia 0.71 kabla, 0.65 baada. Kitakwimu hakuna kitu.

Wasomi walibishana sana. Mimi sikushangaa hata kidogo. Nimefanya kazi sehemu ambayo karatasi inatikiwa yote mgonjwa bado yuko kwenye lifti. Karatasi haiokoi mtu, kinachomwokoa ni ile dakika moja ambayo kila mtu amenyamaza na hata intani anaweza kusema "samahani, picha inaonyesha kushoto". Ila hilo la Ontario nalipenda, walithubutu kupima kitu ambacho kila mtu alishakubali ni kizuri.

MshonoWaPili:

Sista heshima yako. Hapo kwa intani nimejiona mimi mwenyewe.

Msoma Mezani:

Naona mnapambana kwa adabu sana, ngoja nichafue hewa.

Mleta mada umechagua mifano mitamu. Tuongelee iliyobaki. Asilimia kubwa ya pepa za upasuaji ninazokutana nazo ni "wagonjwa 38 wa henia niliowapasua mwenyewe, wote wanaendelea vizuri, nashukuru". Hakuna kundi la kulinganisha, hakuna ufuatiliaji, kuna cheo tu mwishoni. Mhariri wa jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 1996 aliuliza hadharani kama utafiti wa upasuaji ni utafiti au ni opera ya vichekesho, na hakuwa anatania sana. Profesa anaandikiwa na wanafunzi, jina lake linakaa mwisho, anapanda daraja. Hiyo miaka 3 yako utatoka na kitu au utatoka na PhD?

Na Halsted je? Baba wa upasuaji wa kitaaluma wa Marekani, Johns Hopkins, ndo aliyeanzisha huu mfumo wenu wa kukaa hospitalini miaka na miaka mkipandishwa ngazi. Ndo huyohuyo aliyewafundisha watu kuondoa titi zima na misuli ya kifua na tezi za kwapani, na kwa kuwa ni profesa mkubwa dunia ikamfuata karibu miaka 80. Taaluma hapo ilimsaidia nani?

MshonoWaPili:

Hahaha umepiga penyewe. Halsted nilijua atakuja.

Lakini malizia hadithi mkuu. Nani alimwangusha? Wapasuaji wenzake wenye utafiti. Umberto Veronesi, taasisi ya taifa ya saratani Milan, kuanzia 1973 alikusanya wanawake 701 wenye uvimbe mdogo, wakagawanywa kwa kura, nusu njia ya Halsted, nusu kuondolewa sehemu tu ya titi na kupigwa mionzi. Upande wa Marekani Bernard Fisher naye akafanya ya kwake, wenzake wakamwona kama msaliti. Majibu ya miaka 20 ya wote wawili yalitoka 2002, uhai ni uleule. Angalia hapo, miaka 20 ya kufuatilia. Hakuna fundi wa mtaani wala kampuni itakayofuatilia mtu miaka 20, inabidi kuwe na taasisi ambayo itakuwepo hata profesa akistaafu.

Hilo la pepa za vyeo nakubali asilimia mia, na nimeandika moja, ilikuwa ya wagonjwa 41 sio 38. Ila kuna kitu vijana walikifanya ambacho ndo kinanipa moyo. Wale wa Uingereza wanaosomea upasuaji, wanahamishwa hospitali kila mara kwaiyo hakuna anayeweza kukaa sehemu moja na kumaliza utafiti, wakageuza udhaifu kuwa njia. Wakaunda vikundi, kila mmoja akihama anaacha kijiti kwa anayeingia. Kikundi cha West Midlands wakajaribu kile kizuizi cha plastiki kinachovalishwa kingo za kidonda tumboni ili kisipate maambukizi, kinauzwa na kila mtu aliamini kinasaidia. Wagonjwa 760, hospitali 21, majibu 2013: hakisaidii, maambukizi karibu robo pande zote mbili. Waliofanya sio maprofesa, ni watu wa zamu kama mimi. Wakati wa korona mtandao wa namna hiyohiyo ukakusanya wagonjwa zaidi ya 140,000 nchi 116, ndo tukapata ule ushauri wa wakati huo wa kusubiri angalau wiki 7 baada ya maambukizi kabla ya kupasuliwa.

Mhasibu Mstaafu:

Vijana nimekaa ofisi ya fedha ya hospitali ya kufundishia, nikisema mtanichukia.

Sisi tulikuwa tunahesabu operesheni. Profesa alikuwa anaonekana kwenye jedwali kama hasara, mshahara mzima, kazi nusu. Bajeti inafungwa kila miezi 12, huyo Mtaliano wenu anataka miaka 20. Hakuna safu ya kuandika "operesheni 600 ambazo hazikufanyika kwa kuwa zimeonekana hazina faida". Ingekuwepo, profesa angekuwa ndo mtu mwenye faida kuliko wote mle ndani.

Na msidhani kila mfumo wa umma unalipa sawa. Kanada hospitali ni za umma lakini mpasuaji kwa kawaida analipwa kwa kila operesheni na bima ya mkoa, kwaiyo akikaa siku moja maabara amejikata mapato siku hiyo. Walichofanya idara nyingi za vyuo ni kuweka chungu kimoja, kila mpasuaji anachangia sehemu ya anachopata, alafu wanaotafiti wanalipwa kutoka humo. Wakati mwingine wanagombana, nani anakata sana nani anasoma sana, ila chungu kipo. Toronto kwa mtindo huo walianzisha mpango maalum wa kusomesha wapasuaji watafiti miaka ya 1980, na hukohuko, hospitali ya Toronto General, ndo mpasuaji Joel Cooper alifanya upandikizaji wa kwanza wa pafu uliofanikiwa kwa muda mrefu, 1983. Kabla yake watu walijaribu duniani kote zaidi ya mara 40 na wagonjwa wakafa. Yeye na wenzake walienda maabara kwanza wakagundua dawa wanazotoa ili mwili usikatae pafu zinazuia mshono wa njia ya hewa kupona. Maabara kwanza. Niliwahi kumwambia bosi wangu hiyo, akaniuliza hiyo tuiandike kwenye kifungu gani.

Kijana nakupa ushauri mmoja wa kihasibu: chochote watakachokuahidi kiwe kwenye barua. Neno "tutakulindia muda wako" halina kasma.

Bwana Foleni:

Haya nimesoma yote, jiwe nimeliweka chini ila sijalitupa mbali. Mama bado anasubiri.

Ila hilo la mzee wa fedha limeniingia. Kumbe hata hao mabosi hawana pa kuliandika.

Sasa dokta unaenda au huendi?

MshonoWaPili:

Naenda kaka. Ila nimeomba vitu viwili. Siku moja kila wiki niwe thieta, manake mikono ya miaka 3 bila kisu inarudi kuwa ya intani na sista hapo juu ni shahidi. Na zamu za usiku nisipangiwe zaidi ya zile zilizotajwa, la sivyo hiyo miaka 3 itakuwa 5 na bado niko mwaka wa 4.

Wamekubali. Kwa mdomo. Barua nimeomba wiki ya tatu hii, kila nikienda naambiwa iko kwa mtu wa kusaini. Mzee wa fedha amenifanya nianze kuogopa, kesho naenda tena nikitoka thieta.

@Goti Bovu nitumie faragha mwaka na aina ya operesheni, bila jina, nitatafuta kama ule utafiti ulichapishwa. Nikiupata nakuwekea hapa majibu kwa Kiswahili.

Wengine nitawajibu kesho jioni, wa kwanza kwenye listi ni henia saa 2 asubuhi na bingwa amesema nitafanya mimi mpaka mwisho. Tutaona ikifika hiyo saa 8 ya sista.

Sista wa Thieta:

Henia ni ya kwanza, utaimaliza. Omba tu usipewe ya 5.